Mita Tisa Nukta Nne

Kulikuwa na nchi moja, si hii yetu, Mungu apishie mbali, ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje, na mimi ni mtu wa kutii. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na jua la mwaka mzima, upepo wa kuezua mapaa, na mito mitatu iliyoporomoka milimani kwa kelele. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni mafuta. Basi kila kitu cha nchi hiyo, kuanzia taa ya sebuleni hadi mashine ya kusaga unga, kilikwenda kwa mafuta, na mafuta yenyewe yaliletwa na meli kutoka kwa watu wa mbali ambao hakuna aliyewajua kwa sura.

Mbunge mmoja aliwahi kuuliza kwa nini lile jua lisitumike. Alijibiwa kwamba jua ni la watalii, na kulitumia majumbani kungewapunguzia wageni. Mbunge aliridhika, akaketi, akapigiwa makofi.

Meli ilipofika, mafuta yalimiminwa ndani ya tangi kubwa la chuma lililosimama ukingoni mwa mji mkuu. Liliitwa Tangi la Akiba ya Taifa. Hadithi hii ni ya mtu aliyekuwa akilipanda kila siku, jina lake Ngwali Machano, umri miaka hamsini na minane, aliyefiwa na mkewe zamani. Kazi yake ilikuwa kupima kina.

Saa kumi na mbili asubuhi Ngwali alipanda ngazi tisini na mbili, akafungua kifuniko, akateremsha tepu ya chuma yenye timazi mpaka ikagusa chini. Aliivuta, akasoma mafuta yalipoishia, akaiandika namba kwenye fomu na kuitia bahasha, tarishi akaikimbiza redioni. Saa moja kamili, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya habari, redio ilisema: "Kina cha leo ni mita saba nukta mbili. Mpimaji ni Bwana Ngwali Machano." Nchi nzima ilinyamaza kusikiliza. Watu waliacha hata kuulizana habari za asubuhi. Mmoja alisema "Ngapi?" na mwenzake akajibu "Saba nukta mbili," wakapeana mikono. Harusi zilipangwa kwa kina, na kijana aliyeleta posa kina kikiwa chini ya mita tano alionekana hana adabu.

Ngwali aliipenda kazi yake, lakini alichokipenda zaidi ni kurudi nyumbani kunywa chai. Binti yake wa pekee, Kidawa, alikuwa akimngoja mlangoni na swali moja tangu akiwa na miaka minne: "Leo mita ngapi, Baba?" Naye alimwambia. Haikuruhusiwa, lakini alimwambia. Kwa nusu saa kila siku mtoto yule alijua jambo ambalo Rais mwenyewe alikuwa bado hajalijua.

Kidawa akakua, akaolewa na mwalimu, akahamia Kwasanga, huko milimani, mwendo wa saa sita kwa basi. Barua yake ya kwanza ilikuwa fupi. "Baba, nikisikia jina lako saa moja asubuhi, najua umeamka mzima. Hiyo inanitosha kuwa salamu." Ngwali aliikunja barua hiyo, akaiweka chini ya mto, na kuanzia siku hiyo kila alipoandika namba aliiandika kwa mwandiko mzuri.

*

Ikawa mwaka mmoja watu wawili wa mbali wakagombana juu ya mlango mwembamba wa bahari ambao meli zote hupitia. Ugomvi ule haukuihusu nchi yetu hii tunayoisimulia hata kidogo, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukaa gizani. Kina kikashuka. Sita, tano, nne. Serikali haikulala; iliunda Tume ya Kutafuta Nishati Mbadala, na tume ikaizunguka nchi kwa magari kumi na manne muda wa miezi minane, ikarudi na ripoti kwamba mafuta yamepungua.

Hapo akasimama Mheshimiwa Sifuni Kwanda, Waziri wa Nishati, Utulivu na Matumaini. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwembamba wa mwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "napenda kuwatoa hofu. Mafuta hayajapungua. Kilichopungua ni kina. Na kina, ndugu zangu, ni suala la kitaalamu. Tuwaachie wataalamu."

Mtaalamu alikuwa mmoja tu, Ngwali, kwa hiyo wakaamua kumfunga mdomo. Alitumwa Afisa wa Viapo, Bwana Epimaki, kijana mpole mwenye kola safi. Ngwali alishika vitabu vyote vitakatifu vilivyopatikana, akaapa kutozungumza na mtu yeyote juu ya mafuta, wala jambo lolote linalogusa mafuta.

"Samahani, mwanangu," Ngwali aliuliza baada ya kuapa, "mvua naruhusiwa kuizungumza?"

"Mvua inaharibu barabara, Mzee. Barabara inapitwa na magari. Magari yanakunywa nini?"

"Mafuta."

"Umeshavunja kiapo. Lakini tunakusamehe, ni mara ya kwanza."

"Na chakula?"

"Kinasagwa, kinasafirishwa, kinapikwa. Hapana."

"Msiba?"

"Jeneza linapanda gari, Mzee wangu."

"Marehemu mke wangu je? Naweza kumtaja? Alikufa kwa homa, wala hana gari."

"Alifia hospitali?"

"Ndiyo."

"Umeme ulikuwepo usiku ule?"

Ngwali alikuwa anaukumbuka usiku ule, na jenereta iliyozimika, na daktari aliyekuwa akiita taa.

"Unaona, Mzee," alisema Bwana Epimaki kwa huruma ya kweli. "Hata yeye anagusa."

Hata hivyo serikali haikuwa katili. Kabla ya kuondoka, afisa alimpa karatasi moja ya manjano iliyoandikwa juu: FOMU YA JAMBO LISILOGUSA MAFUTA. Siku Ngwali atakapopata jambo la namna hiyo, aliandike, alipeleke wizarani, likipitishwa ataruhusiwa kulizungumza na watu. Kisha afisa akachukua simu ya Ngwali, kwa sababu simu huenda kwa chaji na chaji huenda kwa umeme. Ngwali aliikunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Miaka mitatu fomu ile ilikaa mfukoni bila neno.

Si kwamba hakutafuta. Alitafuta mpaka kichwa kikamuuma. Barazani kwa muuza kahawa alikaa na wenzake, lakini kila mada ilikuwa na gari ndani yake, au jiko, au bei ya kitu. Kwanza watu walimwonea huruma, wakawa wanazungumza wao naye anatikisa kichwa. Baadaye ilivuma kwamba anayemfanya Bwana Kina, kama walivyomwita sasa, aongee atashtakiwa pamoja naye, wakawa wanasogea kidogo kila siku, mpaka ikafika siku alikuwa na benchi zima peke yake. Kinyozi alimnyoa kimya. Jirani yake wa ukuta mmoja, waliyekopeshana chumvi miaka ishirini, alimsalimia kwa kunyanyua nyusi. Jioni Ngwali alikaa sebuleni akitazama viti vitatu vitupu, akivihamisha mara kwa mara ili angalau kitu kiwe kimebadilika. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa na muhuri wa serikali.

Mwisho akawa anazungumza na tangi. Kadiri mafuta yalivyoshuka, ndani yake palizidi kuwa na nafasi, na alipoinama kwenye tundu akasema "Hujambo?" sauti ilizunguka kuta za chuma, ikarudi kwake nzito na ya taratibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, alijua, hakuwa mwendawazimu. Lakini ilikuwa sauti inayomjibu. Akawa anachelewa kushuka.

*

Mwaka mmoja baada ya kiapo, kina kilipokaribia sifuri, Mheshimiwa Sifuni Kwanda alitangaza kwamba kuanzia sasa kina hakitashuka chini ya mita tisa. Wananchi walishangilia. Wizara ikabaki na kazi ya kutafuta namna.

Namna iligunduliwa na katibu mmoja aliyekuwa akikanda unga nyumbani kwake. Aliona kwamba ukiongeza maji kwenye sufuria, vilivyomo hupanda. Akapandishwa cheo siku hiyo hiyo, na Operesheni Inua Kina ikazinduliwa kwa ngoma. Kila mwananchi ndoo moja. Walipanga mstari kutoka mto wa karibu hadi tangini: wanafunzi, mapadri, wafungwa, mabwana harusi, mabibi wa vikoba, wote wakipokezana ndoo huku wakiimba. Hakuna aliyeuliza ndoo za nini. Kila mtu alitaka kina kipande.

Ngwali alikuwa na dawa nyeupe ya kupaka kwenye tepu ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na maji. Aliipaka, akateremsha. Tepu ilirudi nyekundu hadi karibu na mwisho, na juu kabisa palikuwa na alama ya mafuta yenye upana wa kidole. Alishuka ngazi mbio, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana, akaenda kumtafuta Waziri aliyekuwa chini akipigwa picha na ndoo.

"Mheshimiwa, humo ndani ni maji."

"Kina kimepanda, hakikupanda?"

"Kimepanda, lakini..."

"Hiyo 'lakini' imo kwenye fomu? Fomu ina nafasi ya namba tu, Bwana Ngwali. Andika namba."

Aliandika: mita tisa nukta nne. Kesho yake dawa nyeupe ilipigwa marufuku kwa kuwa rangi nyekundu inazusha hofu. Ngwali akapewa nishani.

Asubuhi iliyofuata aliinama tunduni akasema "Hujambo?" Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni mwa tangi. Sauti iligonga, ikafa palepale. Alisema tena, kwa nguvu zaidi. Kisha alikaa juu ya chuma baridi na nishani yake kifuani, na machozi yakamtoka.

Miaka miwili ikapita namba ikiwa ile ile. Nchi iliishi kwa vimeli vidogo vilivyojaza tangi la pili, lililoitwa Tangi Dogo, na kwa madumu ya magendo yaliyovuka mpaka kwa baiskeli. Akiba haikuguswa, kwa kuwa akiba ni fahari. Kila asubuhi redio ilisema mita tisa nukta nne, na mtu ukiambiwa kitu kila asubuhi kwa sauti nzuri, mwisho utakiamini hata kama ndoo ulibeba mwenyewe. Wa kwanza kuamini alikuwa Mheshimiwa Sifuni Kwanda.

Kwa hiyo Tangi Dogo lilipokauka, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Siku ya Jumamosi alikata utepe, akafungua bomba la akiba, akaamuru malori yapeleke mafuta mikoani usiku na mchana. "Tumetunza," alisema, akifuta jicho. "Sasa tunakula matunda ya utunzaji." Malori yalijazwa, yakatoka ukaguzini yakitoa maji kwenye vifuniko, na watu waliyashangilia.

*

Jumapili ikaja barua ya Kidawa. Barua za Ngwali zilipitia wizarani, na kila neno lililogusa mafuta lilifutwa kwa wino mweusi. Hii ilikuwa nyeusi karibu yote. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni: "Baba, mimba" kisha wino, "mwezi wa tisa" kisha wino mrefu, "mume wangu amebaki kusimamia mitihani. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi, na mimi mzazi ninaye mmoja. Nitapanda" wino, "la Jumatano."

Mtu hahitaji kuambiwa neno lililofutwa. Basi la Jumatano lingejazwa kwa lori la akiba. Lingetembea kwa masalia yaliyobaki kwenye mabomba yake, lingeteremka milima, na lingezimika mahali fulani katika Mbuga ya Magadi, ambako hakuna mti wala kisima wala mtu, na binti yake ndani yake na mimba ya mwezi wa tisa.

Aliandika jibu palepale. "Mwanangu Kidawa, usipande basi. Hayo waliyoleta ni maji. Kaa huko, nitakuja mwenyewe." Wizara ilimrudishia nakala ya barua yake baada ya kuihariri, kama ilivyo haki ya raia. Palikuwa na "Mwanangu Kidawa," karatasi nyeusi, na "Baba yako."

Ngwali alilala akitazama dari. Kisha akakumbuka kwamba ana njia nyingine, moja tu, ya kuzungumza na mwanawe, na kwamba hiyo hakuna afisa aliyewahi kuitilia wino.

Jumanne alipanda ngazi, hakuteremsha tepu hata kidogo, akaandika kwenye fomu kwa mwandiko wake mzuri: sifuri. Kidawa angesikia. Angejua tu, kwa kuwa ndiye mtu pekee duniani aliyelijua lile swali. Alimkabidhi tarishi bahasha, akashuka, akasimama langoni karibu na redio ya mlinzi, Lusajo.

"Umeamkaje, Mzee?" Lusajo alisema, kisha akaziba mdomo wake kwa hofu.

Saa moja ikafika. Vifo vikatangazwa. "Kina cha leo ni mita tisa nukta nne. Mpimaji ni Bwana Ngwali Machano."

"Hongera, Mzee," alisema Lusajo.

*

Redioni walimpokea kwa heshima kubwa. Mtangazaji, Bi. Anzerani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimpa kiti na chai.

"Fomu yangu ya leo mmeipata?" Ngwali aliuliza.

"Tumeipata, Bwana Ngwali. Zote tunazipata. Hatujawahi kupoteza hata moja." Akafungua kabati. Bahasha zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, miaka miwili, zote zimefungwa kama alivyozifunga.

"Hamkuzifungua."

"Tungefunguaje? Tazama mwenyewe, zimepigwa muhuri wa SIRI KUU. Hapa redioni hakuna mwenye cheo cha kufungua siri kuu. Tuliandika wizarani kuomba ruhusa, tukajibiwa kwamba jibu ni siri kuu." Akanyanyua bahasha nyingine, nayo imefungwa. "Kwa hiyo tukairekodi ile ya siku ya nishani. Inatoka vizuri, ama? Sauti ni yangu."

Ngwali aliitazama kanda ndogo juu ya meza. Miaka miwili binti yake alikuwa akiamka, akisikiliza, akijua baba yake yu mzima. Na kama angekufa mwaka jana juu ya lile tangi, kanda hii ingeendelea kumwambia Kidawa kwamba ameamka salama.

"Bi. Anzerani, niliandika sifuri."

Mama wa watu akaondoa miwani. Kwa muda alionekana mtu tu, amechoka, mwenye familia. "Usiniambie, kaka yangu," alisema taratibu. "Nina kiapo na mimi."

Ngwali alimshukuru kwa chai. Akatoka nje, akapita nyumbani kuchukua kibuyu cha maji na shuka moja, akaanza kutembea kwenye barabara ya Kwasanga. Hakuomba ruhusa. Kazini hakuna aliyegundua kwamba hayupo, si siku hiyo wala baadaye.

*

Alitembea Jumanne, akatembea Jumatano. Alipita magari ya kwanza yaliyozimika nje ya mji, kisha malori, kisha magari ya wakubwa yenye bendera, wakubwa wenyewe wakiwa ndani wamefunga vioo. Kila kibanda cha njiani kilikuwa na redio ya betri, na kila asubuhi alilisikia jina lake likimpita kutoka kibanda hadi kibanda. "Yule ndiye mtu," muuza maandazi mmoja alimwambia. "Sisi tunahangaika huku, yeye yuko juu anapima." Ngwali alinunua andazi. Hakuwahi kujisikia mpweke kama alivyojisikia pale, akila andazi huku akisifiwa.

Alhamisi, kwenye ukingo wa Mbuga ya Magadi, mama mmoja muuza chumvi alimsimamisha na mkokoteni wake wa punda wawili.

"Baba, utakufa na jua hilo. Panda."

Alipanda. Walikwenda kitambo, Ngwali akingoja aulizwe. "Hutaki kujua kina?" mwisho akauliza mwenyewe.

"Kina cha nini?"

Mkono wa Ngwali ukaenda mfukoni kwenye fomu ya manjano. Hapa palikuwa na mtu asiye na redio, na chumvi iliyokaushwa kwa jua, na punda wanaokula majani. Akaichunguza chumvi, akawachunguza punda, akachungulia chini ya mkokoteni. Ekseli ilikuwa imepakwa grisi. Akairudisha fomu mfukoni.

Basi walilikuta Ijumaa asubuhi, limesimama katikati ya weupe wa mbuga. Abiria arobaini walikuwa wamekaa ndani, kila mtu kwenye kiti chake, mizigo mapajani. Dereva alikuwa ameshika usukani. Walikuwa hapo tangu Jumatano.

"Kwa nini hawashuki?" aliuliza mama wa chumvi.

Kondakta alichungulia mlangoni, midomo imepasuka kwa kiu. "Kushuka kwenda wapi? Gari halijazimika, mama. Limejazwa akiba. Akiba iko mita tisa nukta nne, tumesikia sasa hivi. Gari lililojaa haliishiwi. Linapumzika tu."

"Ndani ya tangi lenu kuna maji," Ngwali alisema.

Ndivyo alivyokivunja kiapo, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu arobaini. Basi zima likamgeukia.

"Nani wewe?"

"Mimi ni Ngwali Machano."

Walicheka, kicheko kikavu cha watu wasio na mate. "Bwana Ngwali yuko juu ya tangi saa hizi!" kondakta alisema. "Ametajwa saa moja. Mzee, unatafuta kesi?" Mtu akamwita tapeli. Mwingine akasema wazushi kama hawa ndio wanaoifanya nchi isiende. Ngwali alitoa kitambulisho. Kondakta akakisoma pande zote mbili, akamrudishia na kumwambia kimeghushiwa vizuri.

"Lakini bintiye mtu mwenyewe tunaye humu," alisema bibi mmoja kiti cha mbele. "Tangu juzi anatuambia. Na aulizwe yeye."

Kidawa alikuwa kiti cha nyuma, shavu limeegemea kioo, mikono imeshika tumbo. Uso wake ulikuwa umekauka na umevimba. Mapajani alikuwa na redio ndogo. Alimwangalia mzee aliyesimama mlangoni, mweupe kwa vumbi la magadi, ndevu hazijanyolewa, aliyekonda kwa miaka mitatu ambayo hawakuonana. Kisha akaiangalia redio. Ngwali aliona macho yake yakienda na kurudi, na katika muda ule mfupi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Kama mwanawe angeichagua redio, basi Ngwali Machano angekuwa juu ya tangi daima, na yeye hapa asingekuwa mtu yeyote.

"Leo mita ngapi, Baba?" Kidawa aliuliza.

"Hakuna kitu, mwanangu. Sifuri. Tangu miaka miwili ni maji matupu."

Kidawa aliizima redio. Akaiweka juu ya kiti, akashikilia siti ya mbele, akasimama kwa shida. "Huyu ndiye baba yangu," aliwaambia abiria. "Nisaidieni kushuka."

Bibi wa kiti cha mbele alimshika mkono mpaka mlangoni. Hakushuka naye. "Tungekuja," alisema kwa aibu, "ila nauli tumeshalipa." Mkokoteni ulipoondoka, kuna mtu aliyewasha tena ile redio.

*

Mama wa chumvi aliwafikisha jioni kwenye zahanati ya kijiji kimoja ng'ambo ya mbuga, akawaambia kwamba punda wake hawawezi kungoja, akaenda zake. Huko walitoa taarifa ya wale wa kwenye basi, na wanakijiji wakatuma mikokoteni yenye mapipa ya maji. Nimesikia wengi walikunywa. Walioshuka ni wachache.

Jumamosi, jua linachomoza, Kidawa akajifungua mtoto wa kike.

Muuguzi alimtoa nje amevingirishwa kitenge, akampa Ngwali amshike wakati akimshughulikia mama. Ngwali alikaa kwenye benchi la ukutani. Dirisha la zahanati lilikuwa wazi, na ndani yake redio ilitangaza vifo, halafu ikamtaja. Mita tisa nukta nne. Mpimaji ni Bwana Ngwali Machano.

"Afadhali yupo mmoja anayefanya kazi nchi hii," muuguzi alisema kule ndani.

Ngwali hakumsikia vizuri. Alikuwa ameinama juu ya kile kitenge, kama alivyoinama miaka yote juu ya tundu la chuma.

"Hujambo?" alisema.

Akangoja, kwa mazoea, sauti yake irudi. Haikurudi. Mtoto alikunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa sauti yake mwenyewe, kali, ya hasira, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Ngwali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mkono mmoja, akatoa mfukoni karatasi ya manjano iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitandika gotini, akamwomba muuguzi kalamu, na penye nafasi ya jambo akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Amenijibu.